Stima ya Mgodi na Giza la Jirani

Wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami naongeza langu: mwenye stima hamjui mwenye koroboi. Nchi mbili zinazochimba shaba kwa wingi zaidi barani Afrika ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Shaba hutumiwa kwa wingi katika nyaya za umeme, mota na transfoma. Ajabu ni kwamba mamilioni ya wananchi wa nchi hizo hizo hulala gizani. Maoni yangu ni kwamba migodi ya shaba ilazimishwe kutumia umeme kwa uangalifu, tena umeme utakaookolewa uwafikie raia. Jambo hilo la pili ndilo husahauliwa.

Hebu tuanzie Zambia. Mwaka 2024, zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa nchi hiyo wa kuzalisha umeme ulitegemea maji, hasa bwawa la Kariba katika Mto Zambezi. Mvua zikagoma. Mnamo Februari mwaka huo Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Baadaye maji ya Kariba yanayoweza kuzungusha mitambo yalishuka chini ya asilimia 10. Mitaa mingi ikawa inapata stima kwa saa chache tu kwa siku. Kinyozi akakaa na mashine yake mkononi, mchomeleaji wa mageti akafunga karakana, naye muuza samaki akayaona mali yake yakioza.

Je, mtumiaji mkubwa wa umeme Zambia ni nani? Ni migodi. Hutumia takriban nusu ya umeme wote. Kwa haki, nayo iliombwa ipunguze matumizi na inunue umeme kutoka nje. Lakini jamani, kampuni kubwa inaweza kununua stima ng'ambo ya mpaka. Kinyozi atanunua wapi?

Pengine utauliza, umeme wote huo wafanya nini? Katika migodi mingi duniani, jiwe la kilo 100 halitoi hata kilo moja ya shaba. Hivyo lazima mawe mengi yavunjwe na kusagwa yawe unga ndipo shaba itenganishwe. Vinu vya kusagia ndivyo walafi wakubwa wa umeme. Tena sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo ndiyo hulivunja jiwe. Iliyobaki hugeuka joto na kelele. Kuna shaba nyingine, hasa kule Kongo, ambayo huyeyushwa kwa asidi kisha huvutwa kwa umeme ikaganda kwenye bamba. Hatua hiyo ya mwisho pekee hula yuniti 2,000 hivi kwa kila tani. Nyumba inayotumia yuniti 30 kwa mwezi ingewaka taa kwa zaidi ya miaka mitano kwa umeme huo wa tani moja!

Isitoshe, kuna maji na hewa. Mgodi wa Konkola, huko Chililabombwe, ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Pampu zikizimwa, mgodi unafurika. Hapo hatuwezi kusema "zima stima" kama tunavyozima taa za bwenini.

Lakini penye nia pana njia. Tuchukue feni zinazopeleka hewa chini ya ardhi. Wenzangu wa fizikia watakubaliana nami: feni ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20 tu, nguvu inayotumia hushuka karibu nusu. Basi mbona feni ivume kwa kasi ile ile katika njia isiyo na mtu wala mashine? Mawe nayo yakilipuliwa vizuri tangu mwanzo, kinu hupunguziwa kazi. Mawe matupu yakichambuliwa mapema, hakuna haja ya kuyasaga. Na kuna migodi ambayo tayari imeanza kubadilika. Pale Kansanshi na Sentinel, kaskazini-magharibi mwa Zambia, malori makubwa hupanda mlima yakiwa yameshika nyaya za umeme juu yake, yakapunguza dizeli. Kupanda mchongoma kumbe nako ni ngoma!

Sasa, hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mgodi ukiokoa umeme, akiba hiyo yaenda wapi? Zambia ilitoa takriban tani 820,000 za shaba mwaka 2024, na serikali inalenga tani milioni tatu kwa mwaka mapema katika miaka ya 2030. Bila masharti, kila yuniti itakayookolewa itatumiwa kuchimba shaba zaidi. Mgodi utasifiwa kwa uangalifu wake, na jirani atabaki na koroboi yake.

Historia ya Kongo yatosha kutuonya. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi, kutoka bwawa la Inga karibu na Bahari ya Atlantiki hadi Kolwezi, kwenye migodi ya Katanga. Laini hiyo ilipita juu ya vijiji bila kuviachia hata taa moja. Hubeba umeme wa namna ya betri, unaokwenda upande mmoja tu, na kijiji hakiwezi kuunganishwa nao bila kituo cha kuubadilisha ambacho ni ghali mno. Mwanakijiji aliona waya, hakuona mwanga.

Kuna wenzangu chamani wanaosema migodi ndiyo inayoleta kazi na fedha za kigeni, hivyo ipewe umeme wote inaotaka. Nakubali kwamba mgodi ukifungwa, mji mzima huumia. Ila kinyozi na mchomeleaji nao ni kazi. Wengine wanasema yajengwe mabwawa mapya na sola. Vyema, yajengwe! Lakini ndoo inayovuja haizibwi kwa kuongezewa maji.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mgodi utangaze kila mwaka umetumia yuniti ngapi kwa tani moja ya shaba, na ulinganishwe na rekodi yake yenyewe, kwani mgodi wenye maji si sawa na mgodi mkavu. Pili, mgodi usiongezewe umeme mpaka sehemu ya akiba yake iwe imeelekezwa kwenye transfoma za mitaa ya jirani.

Huenda ukasema, hayo yatuhusu nini sisi Wakenya? Yanatuhusu sana. Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani kule Lubumbashi na Kolwezi, kwa hivyo wale ni ndugu zetu wa lugha. Fauka ya hayo, gari la umeme huhitaji takriban kilo 80 za shaba, na sisi twayataka magari hayo. Shaba kuukuu ikiyeyushwa upya huweza kuokoa hadi asilimia 85 ya nishati ya kuchimba mpya. Nasema shaba kuukuu ya halali, si ile ya wezi wa nyaya na transfoma waliosababisha biashara ya vyuma chakavu kupigwa marufuku nchini kwa muda mwaka 2022.

Natia nanga hapa nikiwaachia swali wanaopitisha sheria za migodi: shaba inayopeleka mwanga kwa dunia nzima itashindwaje kumwangazia jirani aliye langoni mwa mgodi? Akiba haiozi, lakini akiba ya mmoja haiwashibishi wote.