AFYA YA FAMILIA: Mtindi Mzito na Kikombe cha Mtoto



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa huku kwetu Rau, aliyetuuliza siku ya kupima watoto. Mtoto wake alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Nyumbani alikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa, wa kutoa lita sita kwa siku. Akasema, "Sista, ni kweli ile yogati nzito ya Kigiriki ndiyo yenye nguvu? Maana namnunulia ile ya vikombe kila Jumamosi, na haongezeki."

Tulimwuliza maziwa ya ng'ombe wake yanakwenda wapi. Alinyamaza kidogo. Yote yalikuwa yakiuzwa, asubuhi na jioni, yakibaki ya chai tu. Mwezi uliotangulia sisi wenyewe tulimwambia, "Mpe mtoto maziwa," tukamrudishia kadi bila kumwuliza swali hilo. Kosa hilo lilikuwa letu, na ndiyo sababu tumeona vyema tuandike.

Mtindi mzito ni nini?

Yogati ya Kigiriki si chakula kigeni. Ni mtindi uliotiwa kitambaani, ukachujwa maji yake mpaka ukawa mzito wa kusimama kwenye kijiko. Mama mwenye maziwa, kitambaa safi na subira anaweza kuutengeneza jikoni mwake.

Gramu 100 za mtindi wa kawaida zina protini kama gramu 3 hadi 4. Mtindi mzito wa dukani hufika kama gramu 9, kuzidi yai moja lenye gramu 6 hivi. Protini ndiyo hujenga mwili wa mtoto na kurudisha nguvu za mgonjwa. Lakini kalsiamu, ile ya mifupa na meno, haiongezeki kwa kuchuja, kwa kuwa sehemu yake hutoka na yale maji. Mitindi yote miwili ina kama miligramu 100 hadi 120 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo mama asiyechuja hajamnyima mtoto wake kitu kikubwa. Na anayechuja asimwage maji yale. Ayatie kwenye uji uliokwisha kupoa kidogo.

Mtindi una pia vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu, nayo ni muhimu kwa nyumba ambazo nyama huonekana sikukuu tu. Tena watu wengi wazima wakinywa maziwa matumbo huunguruma. Hao wengi huuvumilia mtindi, kwa sababu vijidudu vyema vinavyougandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa.

Hata hivyo mtindi una upungufu. Madini ya chuma ni kidogo sana, na vitamini C pia. Mtoto anayeshibishwa maziwa peke yake anaweza kupungukiwa damu huku ananenepa. Bado anahitaji maharage, dagaa, mnafu na matunda. Na wewe mjamzito, usimeze vidonge vya kuongeza damu pamoja na mtindi, maana kalsiamu huzuia chuma kuingia mwilini. Acha saa mbili zipite.

Chemsha kwanza

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Wako wanaoamini kwamba maziwa yakiganda, uchachu wake umeua kila ugonjwa. Sivyo. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, na kugandisha peke yake si kinga ya kutegemea. Brusela huja na homa za kupanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu usioisha. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba.

Tena ni rahisi kuidhania malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi. Wagonjwa 528 walidhaniwa wana malaria. Malaria ilithibitika kuwa chanzo cha homa kwa 14 tu. Brusela ilikuwamo miongoni mwa magonjwa yaliyogunduliwa. Basi ukiwa na homa isiyosikia dawa, na nyumbani mna ng'ombe au mnakunywa maziwa mabichi, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

Namna ya kutengeneza

Chemsha lita mbili za maziwa mpaka yaumuke, na uyaache yachemke dakika chache huku ukikoroga. Yapoze hadi yawe vuguvugu, kiasi cha kidole safi kuvumilia. Tia vijiko vinne vya mtindi mzuri usio na sukari, koroga taratibu, funika, kisha zungushia blanketi. Baada ya saa sita hadi nane utakuwa umeganda; kwenye baridi ya Julai subiri zaidi.

Ukitaka mzito, chemsha kitambaa cheupe, kikamue, kitandaze juu ya chujio na umimine mtindi. Uache mahali pa baridi saa tatu au nne. Utapata kama nusu ya ulichomimina. Kama huna jokofu, tengeneza wa kuliwa siku hiyo hiyo.

Maziwa yakikataa kuganda, uliza kama ng'ombe alidungwa sindano karibuni. Dawa iliyobaki katika maziwa huua vile vijidudu vyema. Maziwa hayo hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka zipite siku alizoagiza daktari wa mifugo.

Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kuonjeshwa vijiko vichache vya mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, katika ndizi iliyopondwa, huku akiendelea kunyonya. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa la mama, na asali asipewe kabisa. Yogati za vikombe zenye ladha ya matunda mara nyingi zimejaa sukari. Soma maandishi kabla ya kulipa.

Kikombe cha nyumbani

Hatusemi msiuze maziwa. Twajua ada za shule, twajua na gharama ya pumba. Akina mama wa Nronga, kule Machame, walianzisha chama chao cha ushirika wa maziwa mwaka 1988, na maziwa yamewapa kipato kilicho mikononi mwao. Tunachosema ni kwamba kikombe cha mtoto kipimwe kwanza, kabla dumu halijafungwa.

Mama yule alirudi nyumbani akazungumza na mumewe. Baba alihesabu, akaona nusu lita kila siku ni fedha. Mama akamwonyesha kadi, wakakubaliana. Mtoto alipewa pia dawa ya minyoo, na uji wake ukatiwa karanga. Mwezi wa kwanza hakuongezeka, na mama alikuja na uso wa huzuni. Mwezi wa pili mstari ulianza kupanda, na wa tatu ukapanda tena. Hatuwezi kusema ni mtindi peke yake uliofanya kazi. Lakini ile yogati ya Jumamosi hainunuliwi tena, na fedha yake sasa hununua dagaa.

Jioni ya leo, kabla maziwa hayajatoka mlangoni, chukua kikombe.

Tukutane mwezi ujao.