Januari 2028: Watoto Watakaa Wapi?

Mdogo wangu yuko kidato cha pili, shule ya kata pembezoni mwa Dar. Kila siku anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni nilidhani anakimbia foleni ya daladala. Siku moja nikamuuliza, akanijibu kama ananishangaa: "Kaka, nisipowahi sipati kiti."

Kiti, makamanda. Wakubwa wanagombania viti vya Bunge, watoto wetu wanagombania kiti cha kukalia wasikilize somo la Baiolojia. Mdogo wangu amechonga jina lake kwenye mgongo wa kiti kwa ncha ya bikari, na bado akienda chooni anakuta kimehamia mkondo wa jirani. Wanaochelewa wanakaa wawili kiti kimoja, au wanasimama dirishani na daftari limelazwa ukutani.

Likizo iliyopita nilikaa barazani naye pamoja na wenzake wa mtaani, wanaosoma shule tatu tofauti. Nikawaambia leo mimi nasikiliza tu, semeni nyie. Maana kwenye nchi hii kuhusu mrundikano wa madarasani anaulizwa waziri, anaulizwa mkurugenzi, anaulizwa mdau wa elimu anayeshuka kwenye shangingi. Anayebanwa mbavu humo ndani haulizwi. Akijitia kusema, anaambiwa ni mtovu wa nidhamu.

Walichosema ni hiki. Kwanza, hawaulizi maswali. Sio kwamba wameelewa. Kipindi ni dakika 40, darasani wako zaidi ya 100, ukinyoosha mkono wenzako wanaguna kwamba unawachelewesha. Pigeni hesabu wenyewe: dakika 40 ni sekunde 2,400. Gawanya kwa wanafunzi 100, kila mmoja ana sekunde 24 za mwalimu. Hapo hujatoa muda wa kuita majina na kufuta ubao. Na huyu ni mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu Kiingereza. Huyo ndiye anayehitaji kuuliza kuliko wote, na ndiye anayenyamaza.

Pili, madaftari hayasahihishwi. Hapa msimlaumu mwalimu haraka. Mwalimu mwenye mikondo minne ya watu 100 ana madaftari 400. Akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, ni zaidi ya saa 13 kwa zoezi moja. Atasahihisha saa ngapi, na atalala saa ngapi? Matokeo yake mtoto anakosea Januari, anaendelea kukosea vilevile mpaka Novemba, anakuja kugundua kwenye mtihani wa taifa.

Tatu, choo. Hili walilisema wasichana, kwa sauti ya chini. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wao wanapanga foleni mapumziko yote, kengele inalia hawajafika mlangoni. Wengine wakiwa kwenye siku zao wanaona bora wabaki nyumbani. Halafu tunakaa tunajiuliza kwa nini mtoto wa kike anashuka kidato cha tatu.

Nikataka kutoa hotuba yangu pale, binti mmoja akanikatiza: "Ila kaka, msije mkasema watoto wapunguzwe. Mimi ndio ningekuwa wa kwanza kupunguzwa."

Nilinyamaza. Yuko sahihi, na nataka kila kijana wa chama hiki alishike neno lake kabla hajafungua mdomo. Zamani mtoto alikuwa anafaulu darasa la saba halafu anaambiwa subiri chaguo la pili, nafasi hakuna. Wengine walisubiri mpaka wakaolewa. Sisi hatupingi watoto kwenda shule. Ada ya sekondari kufutwa tangu 2016 ni jambo jema, na la kidato cha tano na sita mwaka 2022 ni jema pia. Tunachopinga ni kumfungulia mtoto geti kisha unamwacha amesimama.

Najua watakavyojibu. Watasema madarasa yamejengwa. Ni kweli, yamejengwa! Mwaka 2021 zilikuja fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, na humo yakatengwa madarasa 12,000 ya sekondari kwa shilingi milioni 20 kila moja. Mimi sio kipofu, nimeyaona. Mapambio yakaimbwa kwamba mama anaupiga mwingi, na kila darasa likapata mkata utepe wake.

Lakini nendeni mkachungulie. Shule ya mdogo wangu ina vyumba viwili vipya vyenye rangi inayong'aa. Kimoja ni stoo. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu wa Hisabati ni mmoja. Mikondo miwili inaunganishwa chumba kimoja ili asifundishe mada ileile mara mbili, chumba kinachobaki kinawekwa mahindi ya chakula cha mchana. Ndio maana ukihesabu vyumba kwenye taarifa ya halmashauri, shule iko vizuri kabisa. Ukihesabu vichwa darasani, watoto wanapumuliana kisogoni. Serikali inahesabu matofali kwa sababu tofali linapigwa picha. Mwalimu haukatiwi utepe.

Na hapo sijagusa ruzuku. Kiwango cha shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka kiliwekwa enzi za MMES, miaka ya 2000 mwanzoni. Hebu kumbukeni bei ya kilo ya sukari mwaka 2004, mlinganishe na ya leo dukani kwa Mangi. Pengo linazibwa na nani? Na mama muuza vitumbua, anayeambiwa elimu ni bila ada halafu anatumiwa karatasi ya mchango wa mlinzi, mchango wa chakula, mchango wa masomo ya ziada.

Tusidanganyane kwamba hatujui mwisho wake. Tulishawahi kuuona. Shule za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia 2006, majengo yakatangulia, walimu wakafuata nyuma kwa kusuasua. Bili ikaja kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Alama zikabadilika. Kilichokuwa kichwani mwa mtoto hakikubadilika. Wengi wa kizazi kile ndio hawa kaka zetu wa kijiweni tunaowaita wavivu. Na mpaka leo, miaka ya karibuni, anayefaulu Hisabati kidato cha nne ni mmoja kati ya wanne, au pungufu.

Sasa sikilizeni kinachokuja. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliowatangulia watamaliza la saba. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Kwa kuwa elimu hiyo ni ya lazima, hakuna wa kuachwa.

Chukua shule inayopokea watoto 200. Mwaka huo itapokea 400. Kwa watoto 40 darasani, inahitaji vyumba vitano vya nyongeza. Kwa bei ileile ya 2021, ni milioni 100. Inahitaji matundu tisa ya choo ya ziada, viti 200 na meza 200. Na walimu? Tofali unaweza kulifyatua leo likakauka wiki ijayo. Mwalimu wa Fizikia haufyatuliwi Desemba ukamtumia Januari. Na wale watoto wa 2028 wanafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2031. Mkishangaa matokeo siku hiyo, msiseme hamkuambiwa.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu, na yaandikwe kwenye bajeti, sio kwenye hotuba. Moja, kila halmashauri itangaze shule kwa shule itawaweka wapi watoto wa 2028. Mbili, vijana waliosomea ualimu na wako mtaani wanaendesha bodaboda waajiriwe sasa, Hisabati na sayansi kwanza. Tatu, kila shule ibandike getini idadi ya wanafunzi kwa kila mkondo na idadi ya walimu kwa kila somo. Kama hakuna cha kuficha, karatasi mbili na gundi hazihitaji mkopo wa IMF.

Na wewe unayesoma hapa, usiishie kugonga "like". Chagua shule ya kata yako. Kaa na wanafunzi, jioni, nje ya shule, wakiwa na wazazi wao. Waulize wako wangapi, viti vingapi, mwalimu gani hayupo. Usiandike jina la mtoto wala kumpiga picha, tusiwaponze. Kisha muandikie mkurugenzi barua ya kuomba takwimu rasmi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Nakala mpe diwani, hata kama ni wa kijani. Kwenye mkutano wa mtaa, simama uulize mbele ya watu.

Kesho saa kumi na moja alfajiri mdogo wangu ataondoka tena, gizani, kwenda kuwahi kiti. Tuamke naye.