Vya bure mlangoni: Swali ni nani anayelipa

WAKAZI wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamezoea kubishiwa hodi na watu wasiowafahamu. Mmoja huja na jiko linalodaiwa kupunguza matumizi ya makaa. Mwingine huja na taa ya sola. Wa tatu husema ametumwa kuikagua au kuiboresha mita ya stima. Neno linalowaunganisha wote watatu ni moja: bure.

Neno hilo lina uzito katika nyumba ambako tokeni ya Sh100 hununuliwa giza likiwa limeshaingia, na makaa hununuliwa kwa kipimo cha kopo. Anayevutiwa nalo hastahili kuchekwa. Gharama ya kupika na kuwasha taa ni mzigo wa kila siku, na yeyote anayeahidi kuupunguza atasikilizwa.

Hata hivyo, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kifaa kinachofikishwa mlangoni bila malipo kuna aliyekigharimia, na aliyekigharimia anatarajia faida fulani. Anayetaka kupambanua mpango wa kweli na ulaghai hana budi kuanza na maswali mawili: ni nani anayelipa, na anapata nini kwa malipo hayo? Rekodi ya humu nchini inaonyesha kwamba mipango halali huwa na majibu ya wazi kwa maswali hayo.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka wa 2010. Kampuni ya umeme nchini, wakati huo ikijulikana kama KPLC, iliwapa wateja balbu za kuhifadhi nishati bila malipo, nao wakarudisha balbu za zamani. Jambo hilo halikuwa sadaka. Matumizi ya umeme nchini hupanda sana jioni, watu wanaporejea nyumbani na kuwasha taa, na wakati huo kampuni hulazimika kutegemea mitambo inayotumia mafuta ya bei ghali. Ukame wa mwaka wa 2009 ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme na kuiongezea hali hiyo makali. Kwa kila balbu iliyobadilishwa, kampuni ilipunguza mzigo wake wa jioni, na mteja akapunguza bili yake. Faida ya kila upande ilieleweka, na balbu ya kale ndiyo pekee iliyotakiwa kutoka kwa mwenye nyumba.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi, nao una mafunzo makubwa kwa mwenye mita ya kulipia kabla. Kila tokeni hubeba alama ya wakati ilipotengenezwa, ikihesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka wa 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa ifike kikomo Novemba 24, 2024, kote duniani ambako mita za aina hiyo hutumika. Mita ambayo haingekuwa imesasishwa kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya.

Kenya Power iliwatangazia wateja wake kwamba kazi hiyo haingetozwa chochote. Mteja aliponunua tokeni alipokea nambari mbili za ziada, kila moja ikiwa na tarakimu 20. Aliziingiza kwenye mita kwa mpangilio, kisha akaingiza tokeni yenyewe. Hakuhitajika fundi, wala ngazi, wala mgeni kuingia ndani. Mwenye nyumba alijifanyia kazi yote kwa vidole vyake.

Kutokana na mfano huo hupatikana kipimo rahisi ambacho bado kinafaa leo. Mita inayopokea tokeni zinazonunuliwa sasa imekwisha kusasishwa. Anayefika Mtongwe au Mtopanga akidai amekuja kukamilisha zoezi hilo, iwe kwa ada ndogo au bila ada, anadai kufanya kazi iliyomalizika. Kumruhusu aifungue mita ni kujitia hatarini, kwa sababu kuichezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019, na muhuri ukipatikana umevunjwa, mwenye akaunti ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mambo huwa magumu zaidi pale mlipaji anapokuwa mbali. Hivyo ndivyo ilivyo kwa majiko yanayotolewa bure au kwa bei ya chini mno kupitia biashara ya kaboni. Kaya ikipunguza makaa, mwenye mradi hukadiria tani za hewa chafu zinazoepukwa, kisha huuza makadirio hayo kwa kampuni zinazotaka kufidia uchafuzi wake. Ndiyo maana karatasi anayotia sahihi mpokeaji wa jiko mara nyingi huwa na kifungu kinachomwachia mwenye mradi haki ya mauzo hayo. Mpango wa namna hiyo unaweza kuwa halali kabisa. Kinachokosekana mlangoni ni maelezo: mama anayetia sahihi huambiwa habari za moshi na makaa, asiambiwe kwamba kupika kwake kumegeuzwa bidhaa sokoni.

Soko hilo nalo lina misukosuko yake. Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba miradi ya majiko waliyoipima ilidai kupunguza hewa chafu zaidi ya mara tisa ya kiwango walichokikadiria wao. Mnunuzi akipoteza imani, fedha hupungua, na huduma ya kutengeneza jiko lililoharibika huwa hatarini kukatika.

Kufungwa kwa kampuni ya Koko mwishoni mwa Januari 2026 kulidhihirisha hatari hiyo. Kampuni hiyo iliuza majiko na mafuta ya ethanoli kwa bei iliyopunguzwa katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, ikitarajia kufidiwa na mauzo ya kaboni. Ilipokosa idhini ya serikali iliyohitajika kuyauza kimataifa, ilisitisha shughuli zake. Zaidi ya kaya milioni moja zilibaki na majiko yaliyotegemea mafuta yaliyokuwa yakitolewa na kampuni hiyo hiyo. Wateja hao hawakuwa wametapeliwa mlangoni, na jiko lilifanya kazi kama walivyoahidiwa. Lakini bei waliyoizoea ilisimama juu ya barua ambayo hawakujua kwamba inasubiriwa. Funzo lake ni kwamba kabla ya kuuza jiko la zamani au kuutupa mtungi wa gesi, mwenye nyumba aulize kifaa kipya kitatumia nini endapo aliyekileta ataondoka.

Hata muhuri wa serikali haumhakikishii mwananchi ubora. Mradi wa serikali wa kuuza mitungi ya gesi ya kilo sita kwa bei nafuu, uliojulikana kama Gesi Yetu, ulikwama baada ya maelfu ya mitungi kupatikana na kasoro. Nchini Uingereza, ambako maelfu ya nyumba ziliwekewa vifaa vya kuhifadhi joto chini ya mipango inayosimamiwa na serikali, ofisi ya kitaifa ya ukaguzi wa hesabu iliripoti Oktoba 2025 kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizofunikwa kuta za nje zilikuwa na kasoro kubwa zilizohitaji kurekebishwa. Kazi ilikuwa bure na ilikuwa halali, lakini usimamizi wa mafundi ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo mkazi wa Kisauni ana haki ya kuuliza juu ya ubora hata anapoambiwa kuwa halipi kitu.

Lipo pia jambo la kitambulisho. Aghalabu mgeni haombi pesa. Huomba kupiga picha kitambulisho, kuandika nambari ya simu, na pengine kuombewa ujumbe uliotumwa kwenye simu hiyo. Hapo ndipo tahadhari inapaswa kuongezeka, kwani kitambulisho na nambari ya simu vinatosha kumfungulia mtu deni. Taa ya sola iliyoitwa ya bure inaweza kuwa ya kulipiwa kidogo kidogo kila siku, na kuzimwa kutoka mbali malipo yanapokatika.

Wakenya waliona uzito wa suala la data katika sakata ya Worldcoin mnamo 2023, watu walipopanga foleni kupigwa picha za macho ili wapate sarafu za kidijitali bila malipo. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo. Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe Mei 2025, karibu miaka miwili baadaye. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa data zake zinachukuliwa kwa sababu gani, na ni rahisi zaidi kuidai haki hiyo mlangoni kuliko mahakamani.

Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 nayo ina kinga isiyojulikana na wengi. Mkataba wa ununuzi uliofanywa ana kwa ana nje ya mahali pa biashara pa muuzaji, kwa mfano kizingitini mwa nyumba, unaweza kufutwa na mteja bila kutoa sababu, hadi siku 10 baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Kinga hiyo haina maana kwa asiyejua anayeshughulika naye ni nani. Mgeni anayekataa kuacha karatasi yenye jina la kampuni, anwani na masharti anamnyima mwenyeji wake njia ya kujitetea kabla mgogoro haujaanza.

Mazingira ya bara la Mombasa yanaongeza utata wake. Katika nyumba za kupangisha kwa chumba, wapangaji kadhaa huweza kutumia mita moja iliyosajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Mpangaji akimkubalia mgeni kubadilisha waya au mita, anaamua jambo la wenzake wote na la mwenye mali asiyekuwepo. Jibu la busara hapo ni kumwambia mgeni arejee mwenye nyumba akiwepo. Anayefanya kazi halali hupanga siku ya kurudi.

Njia za kuhakiki zipo. Mteja wa Kenya Power anaweza kupiga *977# na kuthibitisha iwapo aliye mbele yake ni mfanyakazi wa kampuni hiyo. Mafundi wa umeme na wa sola hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na anayetaka kugusa waya za nyumba anapaswa kuionyesha leseni hiyo bila kulazimishwa. Nambari ya siri ya M-Pesa haihitajiki katika kazi yoyote ya jiko, balbu au mita.

Lakini si haki mzigo wote umwelemee mama aliye peke yake nyumbani saa nne asubuhi. Mpango wowote halali unaolenga nyumba za watu unapaswa kutangazwa mapema kupitia ofisi ya chifu na wazee wa mtaa, kwa orodha iliyobandikwa hadharani: jina la kampuni, kifaa, anayelipa, tarehe za kuzuru na mahali pa kulalamika. Gharama yake ni karatasi chache. Orodha kama hiyo ikiwepo Likoni, Kisauni na Changamwe, mwananchi hatalazimika kumpima mgeni kwa sare na ulimi wake. Atamwambia asubiri, aende kusoma ukutani, kisha aamue kumfungulia au la.