KONA YA UFUNDI: Mshale wa spidi ukirukaruka

Mwezi huu tunajibu swali la kijana wetu mmoja anayejifunza umekanika Gatsata, ule mtaa wa Kigali wenye magaraji mengi. Anasema hivi: "Mwalimu, mzee mmoja ametuletea Volkswagen ya zamani, ile ya mviringo yenye injini nyuma, wazee wetu wa Kongo wanaita Coccinelle. Ikienda polepole mshale unaruka kutoka 20 mpaka 60, halafu unarudi. Mkubwa wangu anataka tubadilishe spidomita yote. Ni sawa?"

Kijana, ngoja kwanza. Mara nyingi spidomita haina kosa. Kosa ni la kebo.

Kwenye gari hiyo, gurudumu la mbele la kushoto ndilo linazungusha waya mrefu ulio ndani ya kebo. Waya unapanda mpaka nyuma ya spidomita na kuzungusha sumaku ndogo. Karibu na sumaku kuna kikombe cha aluminiamu kilichofungwa na mshale. Sasa wanafunzi watasema: sumaku hainasi aluminiamu! Kweli, jaribuni kwenye sufuria ya mama. Lakini sumaku ikizunguka, inazaa umeme kidogo ndani ya kikombe, na umeme huo unakivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba inakizuia. Gari ikikimbia zaidi, mvuto unashinda springi zaidi, mshale unapanda. Otto Schulze wa Ujerumani ndiye aliandikisha ufundi huo mwaka 1902.

Basi ona: waya ukikauka mafuta au kebo ikikunjwa vibaya, waya unakwama kidogo, unajisokota, halafu unaachia kwa nguvu. Sumaku inaruka, na mshale unaruka pia. Mshale unasema tu kile ulichoambiwa.

Pima hivi kabla ya kununua kitu. Weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua gurudumu la mbele la kushoto, na gari ikae juu ya stendi, siyo juu ya jeki peke yake. Fungua kebo nyuma ya spidomita. Mwenzako azungushe gurudumu polepole kwa mkono, wewe tazama ncha ya waya. Ikizunguka sawasawa, kebo ni nzima, tafuta kosa ndani ya spidomita. Ikisimama kisha ikaruka, umempata mwizi.

Kwenye gurudumu, toa kipini kidogo kinachoshika ncha ya waya kwenye kifuniko. Kama waya unatoka, uvute, uoshe kwa mafuta ya taa, uukaushe. Uviringishe juu ya meza iliyo sawa: ukirukaruka, umepinda, na hauponi. Ukiwa na nyuzi zilizokatika, badilisha. Ukiwa mzima, upake grisi nyepesi kidogo tu, na acha sentimeta 15 za juu bila grisi, kwa sababu ikizunguka inapanda na kuingia kwenye spidomita. Kebo nyingine waya wake hautoki. Hiyo inabadilishwa nzima, na bado ni nafuu kuliko spidomita. Ukirudisha, kebo ipite kwa mzunguko mpana, isikunjwe kama kiwiko.

Usimwage mafuta ndani ya spidomita hata siku moja. Ile springi ni kama ya saa ya mkono, mpelekee fundi wa saa hizo. Mwisho, mtu mwingine akae na simu yenye GPS mlinganishe spidi barabarani.

Wengine watasema ni jambo dogo. Hapana. Kigali ina kamera za spidi, na mwenye gari ndiye analipa, siyo mshale. Tena pale mtoto anapovuka barabara, dereva anatakiwa kujua kama yuko 40 au 60.

Na wewe kijana, zungumza na mkubwa wako kwa heshima, mkiwa wawili tu, siyo mbele ya mteja. Mwambie: "Mzee, naomba tupime kebo kwanza." Sisi wakimbizi wengi hatuna shamba wala duka hapa. Mali yetu ni mikono na jina. Mzee akijua hukumlipisha kitu kisichoharibika, kesho ataleta na gari la jirani yake.

Maswali mengine yaleteni shuleni, mumpe mwalimu yeyote. Mbaki na amani.