Kadi ya pikipiki iko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wa bodaboda wanaoendesha kwa mkataba, yaani kumlipa mwenye pikipiki kila siku mpaka iwe yao. Mdogo wangu, hapa Mbagala, alipeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, hata siku za mvua zisizo na abiria. Alipopungukiwa, alikopa kwa wenzake kijiweni. Alipomaliza malipo, tajiri mwenye pikipiki akadai kadi ya umiliki imepotea. Wiki iliyofuata pikipiki ikachukuliwa usiku. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na shahidi pekee alishahama mtaa. Inaniuma sana.

Naziomba ofisi za serikali za mitaa ziandikishe mikataba hii kwa muhuri, na kadi ikae hapo mpaka malipo yaishe. Wasomaji mliopitia haya, mlifanyaje?

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam