Mabao ya Mwaka Jana Hayanunuliki

Kuna imani imeota mizizi kwenye vijiwe vya soka kuanzia Shinyanga mjini, Kahama hadi Geita: straika akilipuka msimu mmoja, basi amepatikana. Mabao yake yanahesabiwa kama fedha iliyokwishaingia benki, na bei anayopangiwa ni ya miaka mitano ijayo. Akipungua mwaka wa pili, walewale waliomwimba wanasema kafulia, tena alibahatisha tangu mwanzo. Naikataa imani hii, ya kumpandisha na ya kumzika, maana pande zote mbili zimezaliwa na kosa moja: kudhani kwamba bao linakaa mguuni mwa mtu, na popote aendapo atakwenda nalo.

Tumchukue George Mpole. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ndio kwanza walikuwa wamepanda Ligi Kuu. Mpole akafunga mabao 17, akamwacha Fiston Mayele wa Yanga na 16. Misimu minne mfululizo kabla yake kiatu cha mfungaji bora kilikuwa cha watu wa Simba: Emmanuel Okwi, Meddie Kagere mara mbili, kisha John Bocco. Sasa kikaenda kwa mchezaji wa timu ngeni kutoka mji wa machimbo. Wachimba dhahabu, chini ya Fred Felix Minziro, wakamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Juni 2022 Mpole akaifungia Taifa Stars dhidi ya Niger. Baada ya hapo mjadala ukawa mmoja tu: atauzwa wapi, kwa shilingi ngapi.

Akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Aliporudi nchini na kuvaa jezi ya Pamba Jiji ya Mwanza, mbio za ufungaji bora zilikwenda bila yeye. Vijiwe vikatoa hukumu. Mimi nauliza: wakati tunampangia bei, nani aliuliza yale 17 yalitengenezwaje? Mangapi yalitokana na krosi, za nani, kutoka upande upi? Alikuwa akicheza dakika ngapi, na je, alipokosa wiki hii alikuwa na uhakika wa kuanza wiki ijayo? Straika anapohama, winga aliyemzoea anabaki, na kiungo anayejua anapenda mpira wa juu au wa chini naye anabaki. Huko aendako anakuta watu wenye straika wao moyoni. Mguu ni uleule, lakini kazi yote iliyofanyika kabla mpira haujamfikia imebaki Geita.

Ajabu ni kwamba watu wa ukanda huu ndio wangepaswa kulijua hili kuliko Watanzania wote. Mchimbaji wa Nyarugusu akiokota jiwe moja ambalo dhahabu yake inaonekana kwa macho, hakimbilii kuuza ng'ombe ili anunue duara zima, yaani shimo la machimbo. Anachukua mawe ya sehemu nyingine, anatwanga, anaosha, anaangalia kama mwamba unaendelea. Kwenye mpira tunanunua duara kwa jiwe moja.

Ushahidi tunao. Mwaka 2017 wafungaji bora wa ligi yetu walikuwa wawili, kila mmoja na mabao 14: Simon Msuva wa Yanga na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Kwa hesabu ya kijiweni thamani yao ilikuwa sawa. Lakini Msuva alikwishachukua kiatu hicho miaka miwili nyuma kwa mabao 17, naye hakuwa straika wa kusubiri ndani ya boksi. Alitokea pembeni, alikimbia, alitengeneza. Akaenda Morocco, Difaa El Jadida kisha Wydad, na akafunga kwenye AFCON, dhidi ya Kenya na baadaye Zambia. Mussa hakurudi tena kileleni. Idadi ilifanana, chanzo cha mabao hakikufanana.

Saidi Ntibazonkiza naye. Alipotua Geita Gold mwaka 2022 alikuwa na miaka 35, na kwa imani hii ya mlipuko mtu wa umri huo hana bei. Desemba Simba wakamchukua, na msimu ukaisha akiwa sawa na Mayele, mabao 17 kila mmoja. Jicho la pasi na ufundi wa mipira iliyotengwa haviondoki kwa kuhama basi la timu.

Vijana wanaocheza fantasy ya Ligi Kuu ya England kwenye simu wanaujua mtego huu, maana umewala wengi. Michu alifunga mabao 18 Swansea msimu wa 2012/13. Msimu uliofuata akafunga mawili, kifundo cha mguu kikamwangusha. Harry Kane, kinyume chake, alizomewa kuwa wa msimu mmoja baada ya mabao 21 ya 2014/15, kisha akabeba kiatu misimu miwili mfululizo. Jumla ya msimu mmoja isingekuambia yupi ni yupi.

Kinachoniuma zaidi ni klabu zetu za ukanda huu. Septemba 2018 Alex Kitenge wa Stand United alifunga mabao matatu dhidi ya Yanga kwenye Uwanja wa Taifa, na Chama la Wana, kama timu hiyo inavyoitwa, wakapoteza 4-3. Tukamjadili Kitenge, yale manne yaliyopita nyuma hatukuyajadili. Mwisho wa msimu Stand wakashuka daraja. Mwadui wakashuka 2021, Geita Gold 2024. Kwa hiyo, dirisha lijalo la usajili viongozi watakapopitisha bakuli ili kumbakiza straika aliyelipuka, wanachama wawaombe kwanza waonyeshe mikataba ya beki wa kati, kiungo na winga anayempigia krosi. Kama inaisha Juni, fedha ianzie hapo.