Ukoo wa Wanyama na hoja ya damu

Jina la mwanasoka wa Kenya Victor Wanyama likitajwa tu, hutokea mtu akasema mpira umo katika damu ya ukoo wao. Ushahidi haukosekani. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards na Harambee Stars miaka ya 1980. Mwanawe McDonald Mariga akafika Inter Milan, Victor akafika Tottenham, ndugu zao Thomas na Sylvester nao wakasakata soka, na dada yao Mercy akawa mchezaji wa mpira wa kikapu. Ukoo wa namna hii ni nadra, nami naushangilia kwa moyo wote. Yanayosemwa kuuhusu ndiyo nisiyoyakubali.

Inadaiwa kwanza kwamba kipaji ni damu na basi. Damu ina fungu lake, hilo silipingi. Katika utafiti wa HERITAGE, watu 481 kutoka familia 98 walifanyishwa mazoezi ya baiskeli kwa wiki 20. Wapo ambao mapafu na moyo viliimarika sana, wapo ambao hawakubadilika kitu, na ilikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 47 ya tofauti hizo kilifuata familia. Lakini watu wa familia moja hula chungu kimoja na kuishi maisha yanayofanana, kwa hiyo hata asilimia hiyo si yote ya damu. Tena kilichopimwa ni pumzi. Hakuna aliyepima jicho la kuona pasi kabla haijapigwa, wala moyo wa kurudi mazoezini baada ya kuachwa nje ya kikosi.

Wengine huitaja jeni ya ACTN3, inayohusishwa na misuli ya kasi. Karibu Wakenya wote wanayo katika hali yake kamili, wakiwemo wasiowahi kukimbia isipokuwa kulifukuzia basi. Kitu walicho nacho karibu wote hakiwezi kueleza ushindi wa mmoja.

Hebu tuangalie Bekoji, mji mdogo wa Ethiopia. Dada watatu wa ukoo wa Dibaba walitoka huko: Ejegayehu, mshindi wa fedha ya mita 10,000 Athens 2004, Tirunesh, aliyetwaa dhahabu tatu za Olimpiki, na Genzebe, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 2015. Derartu Tulu, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1992 na 2000, ni binamu yao. Mpenda hoja ya damu angefungia hapo. Ila Kenenisa Bekele naye ni wa Bekoji, wala si wa ukoo huo. Huko Beijing mwaka 2008, Tirunesh alishinda mita 5,000 na 10,000 za wanawake, Kenenisa akashinda zote mbili za wanaume.

Kilichorithishwa nyumbani kwa Noah, kwa maoni yangu, ni njia. Watoto waliokulia Muthurwa, Nairobi, walijua tangu wadogo kwamba mpira ni kazi, kwa kuwa waliiona ikifanywa na baba yao. Kisha kaka akatangulia. Mariga alikwenda Sweden mwaka 2005, na kufikia 2007 Victor alikuwa amemfuata Helsingborg. Mariga alipohamia Parma, mdogo wake alirudi nyumbani, na mwaka 2008 akapata nafasi Beerschot ya Ubelgiji. Kijana mwingine wa Muthurwa mwenye miguu ileile angempigia nani simu Ulaya?

Wapo wanaoruka upande wa pili na kudai jina ndilo lililowabeba. Jina hufungua mlango wa majaribio, halichezi dakika 90. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga, akanyimwa kibali cha kazi kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno katika orodha ya FIFA. Jina la baba halikumsaidia kitu. Na Novemba 2012, Victor alipowafunga Barcelona kwa kichwa akiwa na Celtic, mabeki wale hawakuwa na habari za Noah.

Dai jingine huuhesabu ukoo kwa upande wa baba peke yake. Linaniudhi, maana linawafuta akina mama. Pamela Jelimo, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, alizaliwa na mama aliyekuwa mkimbiaji.

Kuhusu usemi kwamba mtoto wa nyota hampiti mzazi wake, Mariga na Victor wameshaujibu. Ni kweli kwamba Martin Keino, mwana wa mkimbiaji Kipchoge Keino, hakupata dhahabu kama za baba yake za mwaka 1968 na 1972. Alijulikana zaidi kwa kutangulia kuwawekea wenzake kasi walipokuwa wakisaka rekodi, kazi ngumu inayohitaji miguu ya daraja la juu. Anayemwita aliyeshindwa hajui mbio.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye madhara: kwamba wasaka vipaji waanzie kwa watoto wa mastaa. Sentayehu Eshetu, mwalimu wa shule Bekoji, aliwanoa Derartu, Tirunesh na Kenenisa. Aliwapata miongoni mwa watoto wa mji ule, na wote waliamrishwa kuzunguka uwanja uleule.